Frederick Law Olmsted, Msimamizi wa Bustani za Miji

Watu wengi husifiwa kwa kujenga, lakini wachache husifiwa kwa kutunza. Mimi nimechagua kuwasimulia habari za mtu aliyefanya yote mawili, naye ni Bwana Frederick Law Olmsted wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 26 Aprili, 1822, katika mji wa Hartford, na baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Alipokaribia kuingia chuo kikuu macho yake yaliugua, asiweze kuendelea. Baadaye alijaribu kazi nyingi: alikwenda China akiwa baharia, akalima shamba katika kisiwa cha Staten, kisha akawa mwandishi wa gazeti, akizunguka majimbo ya kusini na kueleza ubaya wa utumwa. Mwaka 1850 alizuru Uingereza, akaiona bustani ya Birkenhead karibu na Liverpool. Kilichomgusa zaidi ya maua ni kuona tajiri na maskini wakiitumia bustani ile kwa haki moja.

Mwaka 1857 alipewa kazi ya usimamizi katika Central Park, mjini New York, wakati mahali hapo palipokuwa bado mawe na matope. Mwaka uliofuata yeye na mwenziwe Calvert Vaux walishinda shindano la ramani, ambalo ramani 33 ziliingizwa. Werevu wao ulikuwa hasa katika njia. Kwa kuwa magari ya mji hayakuwa na budi kuikatiza bustani, walizichimbia barabara nne chini ya usawa wa ardhi, ili kelele za mikokoteni zisimsumbue aliyekuja kupumzika. Waenda kwa miguu, wapanda farasi na magari ya farasi, kila kundi lilipewa njia yake, na madaraja madogo yakazitenganisha.

Lakini naona kwamba kazi ngumu zaidi ilikuwa kuiendesha bustani yenyewe. Olmsted alisimamia maelfu ya vibarua, akawafundisha askari wa bustani kuwaongoza watu kwa adabu. Andrew Green, aliyeshika fedha, alimwuliza juu ya kila senti mpaka wakagombana. Wanasiasa nao walitaka kazi wapewe wafuasi wao. Mwaka 1860 alipata ajali ya gari la farasi, akavunjika paja, na siku chache baadaye mtoto wake mchanga akafa. Hata hivyo alirudi kazini, akizungushwa bustanini kwa machela.

Liko jambo lisilofaa kufichwa. Katika sehemu ya ardhi hiyo palikuwa na kijiji kiitwacho Seneca Village, na wakazi wake wengi walikuwa Wamarekani Weusi, wengine wakimiliki viwanja vyao. Walikuwa na makanisa matatu na shule. Sheria ya kuichukua ardhi ilipitishwa mwaka 1853, kabla Olmsted hajaajiriwa, na kufikia mwisho wa mwaka 1857 wote walikuwa wameondolewa. Wenye viwanja walilipwa, ingawa wengi walilalamika kuwa malipo ni haba. Basi bustani iliyoitwa ya watu wote ilisimama juu ya misingi ya nyumba zao. Tena amri za kwanza zilikuwa kali: wavulana waliotaka kucheza mpira walitakiwa kuleta barua ya mwalimu mkuu!

Mwaka 1878 New York ilimwondoa kazini. Hakukata tamaa. Alikwisha kutengeneza pamoja na Vaux bustani za Brooklyn na Buffalo, na sasa akashughulikia mfululizo wa bustani za Boston. Alistaafu mwaka 1895 kumbukumbu zake zilipodhoofika, akafariki tarehe 28 Agosti, 1903.

Ndugu zangu, miongoni mwetu na miongoni mwa wakubwa wetu waliokwisha kutoka shuleni hapa, wako watakaokaa katika halmashauri za miji. Siku moja wataletewa ramani nzuri ya uwanja au bustani. Nawaomba wasiitie sahihi kabla ya kuuliza maswali mawili: ni nani atakayehamishwa, na ni nani atakayefagia na kumwagilia maji miaka 20 baada ya sherehe ya ufunguzi? La pili Olmsted alilijibu kwa maisha yake. La kwanza tumeachiwa sisi.