Maisha ya Bibi Florence Nightingale, na Burudani ya Wagonjwa

Baada ya hesabu za fedha na taarifa za misaada, tumeona vema kuweka mbele ya wazee na wanachama habari za maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake lajulikana kwa kila muuguzi, lakini sehemu moja ya kazi yake haisimuliwi sana. Mtu huyo ni Bibi Florence Nightingale. Wengi wetu twamjua kwa taa aliyoichukua usiku akipita kati ya vitanda vya askari majeruhi. Wachache wajua kwamba aliwapatia askari hao chumba cha kusomea, michezo na nyumba ya kahawa, na kwamba wakubwa wa jeshi walimlaumu kuwa anawadekeza.

Kwanza tuondoe kosa moja. Reli ilipopita hapa Muhoroni na kufika ziwani mwezi wa Desemba 1901, kituo cha mwisho, ambacho leo ni mji wa Kisumu, kiliitwa Port Florence. Jina hilo halikutokana na Bibi Nightingale. Lilitokana na Bibi Florence Preston, mkewe Ronald Preston, mhandisi wa reli.

Bibi Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, nchi ya Italia, akapewa jina la mji huo. Wazazi wake walikuwa Waingereza wenye mali, na baba yake alimfundisha hesabu na lugha nyingi. Alipotaka kuwa muuguzi jamaa zake walikataa kabisa, kwa kuwa siku zile kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya watu duni na walevi. Alingoja miaka mingi. Mwaka 1851 alipata ruhusa kwenda Kaiserswerth, Ujerumani, kujifunza kwa miezi mitatu, na mwaka 1853 akawekwa kuwa msimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake mjini London.

Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia katika Vita vya Crimea kupigana na Urusi upande wa Uturuki. Mwezi wa Novemba mwaka huo Bibi Nightingale alifika Scutari, ng'ambo ya pili ya bahari kutoka Istanbul, pamoja na wauguzi wanawake 38. Walikuta hospitali chafu, isiyo na shuka, sabuni wala chakula cha kutosha. Askari walikufa kwa maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali kipindupindu, homa na kuhara. Hapa yatupasa kusema kweli: taa peke yake haikuzuia vifo. Vifo vilipungua sana baada ya mwezi wa Machi 1855, wakati tume ya afya ilipofika, ikasafisha mifereji ya maji machafu na kuzipaka kuta chokaa. Usafi ndio msingi, wala burudani haiwezi kushika mahali pake.

Lakini wagonjwa walipoanza kupona, taabu nyingine ilitokea. Mtu aliyepona nusu hawezi kurudi vitani wala kwenda kwao. Hukaa tu, kutwa kucha, akitazama ukuta. Askari wa Scutari waliujaza wakati huo kwa pombe, na mishahara yao ikaishia huko. Wakubwa wengi walisema ndivyo askari alivyo, hana akili ya kusoma wala moyo wa kuwakumbuka watoto wake. Bibi Nightingale hakukubali. Aliona kwamba mtu hulewa zaidi pale asipokuwa na jambo jingine la kufanya.

Basi akafungua chumba cha kusomea, chenye vitabu, magazeti, karatasi za kuandikia barua na michezo iliyoletwa na wahisani wa Uingereza. Mwezi wa Septemba 1855 nyumba ya kahawa iitwayo Inkerman ilifunguliwa, ili askari wapate mahali pa kukutana pasipo na pombe. Baadaye yalifunguliwa madarasa. Kadhalika alianza kupokea fedha za askari mwenyewe na kuzipeleka kwa jamaa zao. Serikali nayo ikaanzisha ofisi za kupeleka fedha, na katika muda usiotimia miezi sita askari walipeleka kwao pauni 71,000. Fedha hizo zingalikwenda vilabuni. Waliodharauliwa walionyesha kwamba walikosa nafasi tu, hawakukosa utu.

Aliporudi Uingereza mwaka 1856 alikuwa mgonjwa, na kwa miaka mingi alikaa chumbani mwake, mara nyingi kitandani, akiandika na kuwashauri watawala huku paka zake wakimzunguka. Hivyo alipoandika juu ya wagonjwa aliandika mambo aliyoyajua mwilini mwake. Kitabu chake juu ya uuguzi, kilichotoka mwishoni mwa 1859, kina sura nzima juu ya haja ya mgonjwa kuona kitu kipya: ua, rangi, au mandhari nje ya dirisha. Alisema kwamba kazi ndogo ya mikono humpumzisha mgonjwa, na kwamba mnyama mdogo ni mwenzi mwema kwa mwenye ugonjwa wa muda mrefu. Mtoto mchanga na mgonjwa hufaana sana. Sauti ya mwanadamu na ala zenye mlio usiokatika humtuliza. Watoto wagonjwa hupenda kusimuliwa hadithi kuliko kusomewa. Akawaonya wageni wasinong'one mlangoni, wala wasimpe mgonjwa matumaini ya uongo.

Mwaka 1860 chuo cha wauguzi chenye jina lake kilianza katika hospitali ya St Thomas, London. Mwaka 1907 alipewa nishani ya Order of Merit, wa kwanza miongoni mwa wanawake. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, mwenye umri wa miaka 90. Siku ya kuzaliwa kwake ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani.

Je, habari hizi zatuhusu nini sisi wa Muhoroni? Twaona zatuhusu sana. Mwanachama akilazwa hapa au Kisumu, twampelekea uji, matunda na nauli, na hayo ni mema. Kisha twasimama kando ya kitanda dakika chache, twampa pole, twaondoka. Siku inayobaki ni ndefu. Mwenye kifua kikuu, mzee aliyepooza, kijana aliyekatwa mguu, hao wote wanabaki na ukuta ule ule.

Mambo aliyoyataja bibi yule yako mikononi mwetu. Ubao wa ajua hauhitaji fedha nyingi, na wazee wawili wanaoucheza husahau maumivu kwa saa nzima. Orutu, ambayo mlio wake haukatiki, ni ala ya aina ile aliyoisifu, mradi ipigwe kwa upole na kwa ruhusa ya wauguzi. Sigana walizosimulia bibi zetu jioni zingali zinafaa katika wodi ya watoto. Na mwenye kujua kuandika aweza kumwandikia barua asiyejua.

Wako watakaouliza kama fedha za chama zitumike kwa michezo hali dawa ni ghali. Ni swali la haki, na jibu tumelipata Scutari: kwanza maji safi, dawa na chakula, lakini mtu akisha kupewa hayo, bado ni mtu. Twawaomba wanachama, watakapokwenda kumwona mgonjwa mwaka ujao, wakae kidogo zaidi, wacheze naye.