William Tyndale: Mfasiri Aliyeifia Lugha Yake

William Tyndale alizaliwa Uingereza yapata mwaka wa 1494, akasomea Oxford. Enzi hizo Biblia ilisomwa kanisani kwa Kilatini, lugha asiyoielewa mkulima wa kawaida. Tyndale aliazimia kuifasiri kwa Kiingereza. Alipokosa kuungwa mkono na askofu wa London, alihamia Ujerumani mnamo 1524. Tafsiri yake ya Agano Jipya ilichapishwa mjini Worms mwaka wa 1526, ikaingizwa Uingereza kimagendo ndani ya marobota ya vitambaa. Nakala ziliteketezwa hadharani, lakini matbaa zilizidi kutoa nyingine. Mwaka wa 1535 alisalitiwa mjini Antwerp. Mwaka uliofuata alinyongwa, maiti yake ikachomwa. Hata hivyo, Biblia ya Kiingereza ya 1611 ilirithi sehemu kubwa ya maneno yake. Lugha iliyobezwa ikapata hadhi.