Vito Volterra, Mwanahisabati wa Samaki

Mtahiniwa, kabla hujaingia katika mada ya ushindani baina ya spishi, mfahamu kwanza mtu huyu.

Vito Volterra alizaliwa mwaka 1860 mjini Ancona, Italia. Alifiwa na baba angali na miaka miwili, akalelewa kwa mjomba wake katika uhitaji. Hata hivyo, alipofika miaka 23 alikuwa profesa mjini Pisa.

Biolojia aliijia uzeeni, kwa ajili ya samaki. Mkwewe Umberto D'Ancona, mtaalamu wa wanyama, alichunguza takwimu za masoko ya samaki ya Bahari ya Adria. Aliona kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, uvuvi ulipopungua, papa na walaji wengine walizidi kuchukua sehemu kubwa ya samaki waliovuliwa. Kwa nini wao, wala si samaki wote kwa usawa? Mwaka 1926 Volterra alijibu kwa milinganyo. Uvuvi ukipungua, mlaji hufaidika mara mbili: yeye havuliwi sana, na chakula chake vilevile. Mliwa akiongezeka, humnenepesha adui yake! (Alfred Lotka wa Marekani alitoa milinganyo kama hiyo mwaka 1925, ndiyo sababu vitabu huandika majina yote mawili.)

Volterra alikokotoa pia spishi mbili zinazogombea chakula kimoja, akaona moja hutoweka. Hapa uwe makini. Hesabu hiyo huchukulia kwamba viumbe wote wamechanganyika mahali pamoja, hakuna anayehama. Mwaka 1951 Mwingereza J. G. Skellam alionyesha kwamba mmea dhaifu waweza kudumu iwapo unasambaza mbegu nyingi zaidi, kwa kuwa utaota pale ambapo mbegu za mwenye nguvu hazikufika. Usimpe Volterra sifa hiyo, alikwisha kufa.

Mwaka 1931 serikali ya Mussolini iliwataka maprofesa wa vyuo vikuu waape utiifu kwa ufashisti. Zaidi ya 1,000 waliapa. Waliokataa walikuwa 12 hivi tu, naye Volterra, mzee wa miaka 71, akiwamo. Alipoteza kazi yake katika Chuo Kikuu cha Roma, kisha akaondolewa katika taasisi za kitaaluma za nchi yake. Alifariki Roma tarehe 11 Oktoba 1940.