John Curwen na Nyimbo Zilizoandikwa kwa Herufi

Kila mwanakwaya azijua herufi d, r, m, f, s, l, t. Lakini ni wachache wamjuao mtu aliyezieneza.

John Curwen alizaliwa Heckmondwike, jimbo la Yorkshire, Uingereza, mwaka 1816. Alikuwa mchungaji, wala hakuwa mwanamuziki. Mwaka 1841 walimu wa shule za Jumapili walikutana mjini Hull, wakampa kazi ya kutafuta njia nyepesi ya kufundisha watu kuimba.

Shida kubwa ilikuwa maandishi. Noti za mistari mitano zilihitaji chapa za pekee na fundi wa pekee wa kuzipanga. Kwa hiyo kitabu cha nyimbo kilikuwa ghali, na maskini aliimba kwa kusikiliza tu.

Curwen alikuta kitabu cha Bibi Sarah Glover, binti wa kasisi wa Kianglikana mjini Norwich, aliyefundisha watoto kuimba kwa herufi. Akaichukua njia ile na kuibadili, bila kumwomba ruhusa kwanza. Mabadiliko yale hayakumpendeza Bibi Glover. Hata hivyo Curwen hakuficha kwamba mbegu ilikuwa yake.

Tazameni jinsi njia yenyewe ilivyo. Nukta mbili hutenga pigo na pigo. Nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu. Kistari hurefusha sauti. Alama ndogo kando ya herufi huonyesha kama sauti ni ya juu au ya chini. Vitu hivi vyote vilikuwamo tayari katika sanduku la mpiga chapa yeyote. Basi wimbo uliweza kupangwa pamoja na maneno yake, kama barua ya kawaida, kwa bei ndogo.

Mwaka 1853 kilianzishwa chama cha kuieneza njia hii, na mwaka 1863 Curwen akafungua matbaa yake. Mwaka 1864 aliacha uchungaji, akashika kazi hii moja. Alifariki Manchester mwaka 1880.

Wamisionari waliipeleka solfa Madagaska na Afrika ya Kusini, ikafika na huku kwetu. Sisi tuliokuwa walimu tuliiandika ubaoni kwa chaki. Tulipiga wimbo wa sauti nne kwa taipu juu ya stensili, tukatoa nakala za kwaya nzima. Mpiga kinanda bado ahitaji noti za mistari, lakini mwimbaji alipata mkate wake. Hata leo mwalimu wa kwaya aweza kutuma wimbo kwa simu, kwa herufi zile zile za kuandikia salamu.

Ndugu wanakwaya, mnaponakili wimbo, andikeni na jina la mtunzi juu yake. Herufi ni rahisi kuchukua, na kwa sababu hiyo mwenye kazi husahauliwa upesi, kama alivyosahauliwa Bibi Glover.