George Eastman: Karani Aliyepunguza Mzigo

1. Mzigo wa Kamera

Ndugu msomaji, ukienda mjini Unguja, pita Forodhani wakati wa jioni. Utaona watu wengi wakipiga picha. Wageni wanapiga picha, na wenyeji nao wanapiga picha. Wengine wana kamera ndogo shingoni. Wengine wanatumia simu zao za mkononi. Mtu anatoa kitu mfukoni, anakielekeza baharini, anabonyeza, na kazi imekwisha.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 1860 alifika Unguja askari mmoja kutoka Scotland. Jina lake lilikuwa James Grant. Yeye na mwenzake, John Speke, walikuwa katika safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Grant alikuja na kamera, akapiga picha hapa mjini. Kisha msafara ukavuka bahari hadi Bagamoyo, ukaanza kwenda bara kwa miguu. Mizigo ilibebwa na wapagazi.

Kamera ya siku zile haikuwa kitu cha mfukoni. Ilikuwa sanduku kubwa. Picha ilipigwa juu ya kipande cha kioo. Kioo hicho kilitayarishwa kwa dawa ndani ya hema dogo lenye giza. Picha ikishapigwa, kioo kilirudishwa hemani kusafishwa. Katika nchi yetu ya joto, hema lile lilikuwa kama tanuri. Speke aliogopa kwamba joto lingemwua mwenzake. Basi kazi ya kupiga picha ikaachwa. Grant akawa anachora kwa mkono yale aliyoyaona njiani.

Je, msomaji, Grant alikuwa mvivu? Hapana. Alikuwa askari hodari. Ila kamera yake haikufaa safari.

Sasa utasoma habari za mtu aliyeifanya kamera kuwa nyepesi. Mtu huyo hakuwa profesa. Alikuwa karani wa benki, na aliacha skuli akiwa na umri wa miaka 14. Jina lake ni George Eastman.

2. Mtoto wa Mjane

George Eastman alizaliwa tarehe 12 Julai 1854 katika kijiji cha Waterville, jimbo la New York, nchini Marekani. Alikuwa na dada wawili. Dada mmoja, Katie, alikuwa na ugonjwa wa kupooza.

Familia ilihamia mji wa Rochester. Mwaka 1862 baba yao alifariki. George alikuwa bado mtoto mdogo. Mama yake, Maria, akabaki na watoto watatu bila ya fedha za kutosha. Alipangisha vyumba vya nyumba yake, na kuwapikia wapangaji chakula.

George aliona taabu ya mama yake. Alipofika miaka 14 aliacha skuli akatafuta kazi. Aliajiriwa kuwa tarishi katika ofisi ya bima. Mshahara wake ulikuwa dola 3 kwa wiki. Ulikuwa mshahara mdogo, wala haukutosha mahitaji ya nyumbani. Mwaka 1870 Katie naye alifariki.

Hata hivyo George hakuacha kujifunza. Mchana alifanya kazi, na usiku alijifunza hesabu za fedha. Wewe msomaji, unayetoka shamba au baharini kisha ukaja darasani jioni, unaijua taabu hiyo. Mwaka 1874 elimu yake ya usiku ilimletea faida. Alipata kazi ya ukarani katika benki moja ya Rochester. Sasa alilipwa zaidi ya dola 15 kwa wiki.

3. Safari Isiyofanyika

Mwaka 1877 Eastman alitaka kusafiri kwenda Santo Domingo, katika visiwa vya Karibi. Mfanyakazi mwenzake alimshauri achukue kamera, ili apige picha za mambo atakayoyaona huko. Eastman aliona ni shauri zuri. Akanunua vifaa vyote vya picha.

Alipovipanga vifaa hivyo, alishangaa. Kulikuwa na kamera kubwa, na miguu mitatu mizito ya kuisimamishia. Kulikuwa na hema la giza, vioo, chupa za dawa, vyombo vya kuoshea, na chombo cha maji. Ilikuwa mizigo ya kubebwa na farasi. Tena ilimbidi alipe dola 5 ili afundishwe kuvitumia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya haraka na ya wasiwasi. Kioo kilipakwa dawa na kutumiwa kingali kibichi. Kikikauka kabla ya picha kupigwa, kimeharibika. Kwa hiyo mpiga picha hakuweza kuliacha hema lake. Kila alikokwenda, hema lilikwenda naye.

Eastman hakwenda Santo Domingo. Lakini alibaki na swali moja kichwani. Kwa nini mtu anayetaka picha moja tu abebe mzigo wote huu?

4. Jikoni kwa Mama

Eastman alisoma katika magazeti ya Uingereza kwamba wapiga picha wa huko wanajaribu vioo vikavu. Walichanganya dawa ya picha na gelatini, yaani ute unaopatikana kwa kuchemsha mifupa na ngozi za wanyama. Kioo kilichopakwa mchanganyiko huo kiliweza kukauka na bado kikafaa kwa picha. Mtu angeweza kukibeba kutoka nyumbani, na kukisafisha baada ya kurudi. Hema halikuhitajika tena.

Eastman akaanza kufanya majaribio jikoni kwa mama yake. Mchana alikuwa benki. Usiku alichemsha, alikoroga, na alipaka vioo. Mara nyingine alichoka sana, akalala sakafuni karibu na jiko bila ya kuvua nguo zake.

Kazi hiyo ilichukua kiasi cha miaka mitatu. Alivumbua pia mashine ya kupaka vioo vingi kwa haraka. Mwaka 1879 alikwenda London kuuandikisha uvumbuzi wake, ili mtu mwingine asiuibe. Mwaka 1880 alikodi chumba cha ghorofani mjini Rochester, akaanza kutengeneza vioo vikavu vya kuuza. Mpangaji mmoja wa mama yake, Henry Strong, alitoa fedha zake wakafanya ushirika. Mwaka 1881 Eastman aliacha kazi ya benki.

5. Vioo Vibovu

Mwaka 1882 ulikuja msiba wa kibiashara. Wenye maduka walileta malalamiko. Vioo vya Eastman vilikuwa havitoi picha. Wateja walikuwa wamekwisha kuvilipia.

Fikiri, msomaji. Kampuni ilikuwa changa, na fedha zilikuwa chache. Eastman angeweza kukataa kosa, au kuwalaumu wenye maduka. Hakufanya hivyo. Alisimamisha kazi, akavirudisha vioo vibovu, na akawapa watu vioo vizuri badala yake. Hasara ilikuwa kubwa, karibu imfilisi. Alifanya majaribio mengi bila ya kufanikiwa, kisha akasafiri hadi Uingereza kutafuta sababu. Kumbe gelatini aliyouziwa ilikuwa mbaya.

Tangu hapo alihakikisha kwamba kila kitu anachonunua kinapimwa kabla ya kutumiwa. Alipoteza fedha, lakini hakupoteza imani ya wateja. Hata muuza samaki wa Darajani anajua kwamba mteja aliyeuziwa samaki mbovu harudi tena.

6. Sanduku Dogo

Vioo vikavu viliondoa hema. Lakini kioo ni kizito, na huvunjika. Eastman na wenzake wakatafuta kitu chepesi cha kuweka badala ya kioo. Walianza na karatasi ndefu iliyopakwa dawa na kuviringishwa kama mkeka.

Mwaka 1888 Eastman alitoa kamera mpya. Aliipa jina la Kodak. Jina hilo halina maana yoyote. Alilibuni mwenyewe kwa sababu aliipenda herufi K, na alitaka jina fupi lisilosahaulika.

Kamera hiyo ilikuwa sanduku dogo lenye urefu wa kiasi cha sentimita 17. Uzito wake haukufika kilo moja. Mtu aliishika kwa mikono tu. Ndani yake mlikuwa na nafasi ya picha 100. Picha zikimalizika, mwenye kamera aliipeleka yote kiwandani. Kiwanda kilisafisha picha, kikatia karatasi mpya, na kumrudishia. Basi kazi ya msafiri ilikuwa kuelekeza na kubonyeza tu.

Mwaka 1889 kampuni ilianza kuuza filamu laini inayopenya mwanga. Mkemia wake, Henry Reichenbach, ndiye aliyeifanyia kazi. Lakini hapa pana jambo la kusikitisha. Padri mmoja wa Marekani, Hannibal Goodwin, alikuwa ameomba hati ya uvumbuzi wa filamu kama hiyo tangu mwaka 1887. Aliipata mwaka 1898, akafariki mwaka 1900. Kesi ilifunguliwa baada ya kifo chake. Mwaka 1914 kampuni ya Eastman ilishindwa, ikalipa dola milioni 5. Goodwin mwenyewe hakuiona haki yake. Mtu mashuhuri naye ana makosa yake, na ni vizuri tuyajue.

7. Kamera ya Dola Moja

Kodak ya kwanza iliuzwa kwa dola 25. Tupige hesabu. Eastman alipokuwa tarishi alipata dola 3 kwa wiki. Angetaka kununua kamera hiyo, ingembidi afanye kazi wiki nane na zaidi bila ya kula wala kuvaa. Mzigo wa mgongo ulikuwa umepungua, lakini mzigo wa bei ulibaki.

Mwaka 1900 kampuni ilitoa kamera nyingine, jina lake Brownie. Iliuzwa kwa dola 1. Ilikuwa sanduku la karatasi ngumu, na hata mtoto aliweza kuitumia. Sasa tarishi wa dola 3 angeweza kuwa na kamera yake.

8. Mali na Mwisho Wake

Eastman alitajirika sana. Hakuoa wala hakupata watoto. Alimpenda mno mama yake, na aliishi naye mpaka mama alipofariki mwaka 1907. Aliwagawia wafanyakazi sehemu ya faida. Alitoa mamilioni ya dola kwa vyuo, vikiwamo vyuo vya Wamarekani Weusi vya Hampton na Tuskegee. Alifungua pia zahanati za meno za watoto.

Mwaka 1926, akiwa mzee, alisafiri hadi Kenya kuwinda na kuona wanyama. Mwaka 1928 alirudi tena Afrika. Safari hizi alichukua kamera, na mara hii kamera haikumshinda.

Baadaye alipata ugonjwa wa uti wa mgongo. Kutembea kukawa taabu. Tarehe 14 Machi 1932 alijiua nyumbani kwake Rochester. Alikuwa na umri wa miaka 77. Ulikuwa mwisho wa huzuni.

Kampuni yake iliendelea. Mwaka 1975 mhandisi wake mmoja, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali, isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 3. Kampuni haikuiharakisha kamera hiyo, kwa kuwa ilipata faida nyingi kwa kuuza filamu. Wengine waliiendeleza mpaka ikawa ndogo ya kuingia ndani ya simu. Mwaka 2012 kampuni ya Kodak ilishindwa kulipa madeni yake, ikaomba kinga ya mahakama.

9. Ukichagua Kamera ya Safari

Hapa Unguja, A. C. Gomes alikuwa na studio ya picha tangu karne ya 19. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua studio yake, Capital Art Studio, huko huko mjini. Mtu aliyetaka picha nzuri alivaa nguo zake bora akaenda studio. Leo kamera inaweza kumfuata mtu hadi Makunduchi na Nungwi.

Ikiwa utanunua kamera ya safari, kumbuka habari za Grant na Eastman. Ishike mkononi kwanza. Itie katika mkoba utakaosafiri nao. Jiulize kama utaweza kutembea nayo kutwa nzima. Kamera kubwa inayoachwa nyumbani haipigi picha. Tazama kama betri yake inadumu, na kama unaweza kuitumia bila ya msaada. Kwetu kuna chumvi ya bahari na mchanga, basi ifunike vizuri, na uifute kwa kitambaa laini kikavu. Tena, kabla ya kumpiga mtu picha, mwombe ruhusa.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake, mzigo ulio juu ya kichwa cha mwenzako huwezi kuuona uzito wake. Eastman aliuona uzito wa kamera kwa sababu ulikuwa mgongoni kwake. Lakini hakuishia kulalamika. Aliuliza kwa nini, kisha akajifunza usiku baada ya usiku mpaka akapata jibu. Wewe nawe, msomaji, tazama kazi yako ya kila siku. Mzigo gani unaweza kupunguzwa?

Maswali

1. Kwa nini Grant aliacha kupiga picha safarini?
2. Eastman alipata wapi nafasi ya kujifunza na kufanya majaribio?
3. Alifanya nini vioo vyake vilipoharibika mwaka 1882? Wewe ungefanya nini?
4. Je, Hannibal Goodwin alitendewa haki? Zungumzeni darasani.
5. Taja kazi moja ya kijijini kwako yenye mzigo usio wa lazima. Andika sentensi tano juu ya namna ya kuupunguza.