Habari za William Perkin, Mfanyiza Rangi

Sisi wa Tarime na Serengeti tununuapo kitambaa sokoni, yafaa tujue rangi yake ilianzaje. Zamani nguo zilitiwa rangi kwa majani ya mnili, kwa mizizi, kwa wadudu waliokaushwa wa Meksiko, na kwa marere, ndevu za miti zilizochumwa pwani yetu zikauzwa Ulaya.

Perkin alizaliwa London mwaka 1838, mwana wa mjenzi. Mwaka 1856, akiwa na miaka 18, alijaribu kufanyiza kwinini, dawa ya malaria, kwa lami ya makaa ya mawe. Hakuipata, alipata uchafu mweusi. Wala hakuutupa, bali aliuyeyusha kwa spiriti, akaona zambarau, akaijaribu katika hariri, nayo haikuchujuka. Baba yake akatoa fedha, wakajenga kiwanda. Mwaka 1869 yeye na Wajerumani, kila upande kwake, walifanyiza nyekundu ile ya mizizi. Ndipo wakulima wa mizizi hiyo katika Ufaransa walipopotewa na riziki. Mwaka 1874 aliuza kiwanda, akarudia elimu yake hata alipokufa mwaka 1907.

Basi na tujifunze kutodharau kazi iliyoharibika. Tena, tufurahiapo kitu kipya, tusiwasahau wale ambao kimewanyang'anya chakula chao.