MAISHA YA WERNER VON SIEMENS, MTU ALIYETIA RADI NDANI YA KIOO



Wakati wa mvua hapa Kasenga, radi inapopiga ng'ambo ya Luapula, wengi wetu tunaogopa mara mbili. Kwanza tunaogopa moto wake. Kiisha tunaogopa maneno ya kesho yake: nani ameituma? Tunajua vile maneno hayo yanaweza kufukuza mzee katika mji wake. Njo maana mara hii tumechagua kuandika juu ya mtu aliyechunguza tabia ya ule moto.

Werner Siemens alizaliwa tarehe 13 Desemba 1816 kule Lenthe, karibu na Hannover, katika inchi ya Ujerumani. Baba yake alilima shamba la kupanga, na watoto wa nyumba ile walikuwa 14. Feza ya masomo makubwa hakukuwa. Kijana akaingia jeshi la Prussia, kwa sababu shule ya mizinga ya Berlin ilifundisha hesabu, fizika na kemia. Alisoma pale miaka 3. Mama yake akafa 1839, baba yake 1840. Werner, angali kijana, akabaki na mzigo wa wadogo zake. Sisi tunaosomeshwa na kaka zetu tunaelewa mzigo ule.

Hakukosa makosa. Alifungwa gerezani Magdeburg kwa sababu alimsimamia rafiki katika pigano la watu wawili, jambo ambalo sheria ilikataza. Lakini mle gerezani hakukaa bure: alijaribu kupaka vyombo dhahabu kwa nguvu ya kuran, na kazi ile ikauzwa Uingereza na ndugu yake Wilhelm. Mwaka 1847, pamoja na fundi Johann Georg Halske, akafungua karakana ya telegrafu katika Berlin.

Sasa tufike kwenye kioo. Mwaka 1857 Siemens alichukua mirija miwili ya kioo, akaingiza mmoja ndani ya mwingine, akaacha nafasi nyembamba katikati. Mrija wa inje aliufunika kwa karatasi ya bati upande wa inje, wa ndani aliufunika upande wa ndani. Katika ile nafasi alipitisha oksijeni au hewa, na kwenye bati alitia kuran ya nguvu nyingi. Ndani ya kioo kukawaka mwanga hafifu, na gazi iliyotoka ilikuwa na ile harufu kali inayosikiwa radi ikipiga karibu. Ni harufu ya ozoni.

Werevu wake ulikuwa wapi? Hewa yetu ya kawaida inazuia kuran. Kwa nafasi ya sentimita 1 inataka karibu volti 30,000 kabla ya kupasuka. Ikipasuka kati ya vyuma viwili vitupu, kuran yote inakimbilia njia moja na kuunguza, sawa radi yenyewe. Kioo kinakataza jambo hilo. Cheche ndogo ikianza, umeme unajikusanya juu ya kioo na kuizima mara moja. Kwa hiyo zinatokea cheche ndogo ndogo mingi, na gazi haipati moto sana. Lakini kuran ya njia moja, kama ya mapile ya tochi, haiwezi kuendelea kupita kioo. Inatakiwa kuran ya kwenda na kurudi, ao ya kupiga-piga.

Gazi nayo ina neno lake. Oksijeni safi inatoa ozoni mingi kuliko hewa, kwani hewa ina azoti mingi. Hewa yenye unyevu inaharibu kazi. Heliumu inaweza kuwaka kwa utulivu, bila cheche kuonekana. Gazi moja, kuran moja, tabia moja: ukibadilisha kimoja, na moto unabadilika.

Mwaka 1859, akienda kazi ya kamba ya telegrafu ya Bahari ya Shamu, Siemens alipanda piramidi kubwa ya Misri. Upepo wa mchanga ukavuma, na vidole vilivyoinuliwa vikaanza kulia kidogo. Akafunga chupa ya divai kwa karatasi yenye maji, ikakusanya umeme. Waarabu waliowaongoza wakaona ni uchawi, wakataka kuwashusha kwa nguvu. Yeye akasogeza chupa kwenye pua ya mkubwa wao, na cheche ikamwangusha. Alilisimulia kama ushindi. Sisi hatumsifu kwa hilo. Alikuwa na maarifa, akayatumia kutisha.

Kazi zake zingine zilisaidia watu. Mwaka 1866 alitengeneza dinamo, na kwa mashini za namna ile kuran ikawa mingi. Ndivyo mashaba ya Katanga yalivyoweza kusafishwa kwa kuran kule Shituru, Likasi, tangu 1929. Alikufa tarehe 6 Desemba 1892. Kiisha miji ya Ulaya, kama Nice mwaka 1906, ikaanza kusafisha maji ya kunywa kwa ozoni, na mirija yenye asili katika ile ya 1857 ingali kazini.

Wenzetu, mvua ikija tutoke mtoni na chini ya miti. Na mtu akiuliza nani ameituma radi, tusicheke, tusitishe. Tumweleze polepole tulichosoma katika kalasi, mpaka yule mzee abaki nyumbani mwake.